Sabuni Iliyotoa Jasho: Panga Bidhaa Yako Kabla Hujanunua Hata Lita Moja ya Mafuta

Wiki hii naomba tuache kidogo mambo ya mbolea na viwavi. Nimekuwa nikipata ujumbe wa aina moja kila siku: "Bi Shamba, tunataka kuongeza thamani. Tunataka bidhaa isiyoharibu mazingira, wateja wa Mji Mkongwe wanaiulizia. Tuanzie wapi?" Nilitaka nimjibu kila mtu peke yake, nikashindwa. Basi nawajibu wote pamoja, na nitajibu kwa kuwasimulia kosa. Kosa lenyewe ni langu.

Kuna kikundi cha vijana saba, pwani ya mashariki ya Unguja, wanalima mwani. Walikuwa wamechoka kuuza mwani mkavu kwa kilo. Ukitaka kilo moja ya mwani mkavu unahitaji kilo 7 mpaka 10 za mwani mbichi, na hizo umezitoa baharini kwa mgongo wako mwenyewe, maji yakipwa, jua la utosi. Kwa miaka mingi bei ya spinosamu ilikuwa ikicheza kwenye mamia ya shilingi tu kwa hiyo kilo. Wakaniambia, "Dada, tufundishe sabuni." Nikawafundisha. Fedha za mafuta ya nazi walikopeshwa na mama wa mmoja wao, ilikuwa zamu yake ya mchezo.

Wakatengeneza sabuni 300, kazi safi kabisa. Mimi ndiye niliyewaambia, "Sasa ipendezeni, mteja ananunua kwa macho." Tukaagiza plastiki ya kung'aa kutoka Dar, ikaja na boti, na vikasha vya rangi juu yake. Ilikuwa masika. Sabuni ilikuwa na wiki mbili tu tangu ikatwe, tukaifunga, tukaipeleka duka moja Shangani.

Wiki tatu baadaye mwenye duka akanipigia simu. "Bi Shamba, sabuni zenu zinalia." Nikadhani ananitania. Nilipofika nikaona kweli: matone ndani ya plastiki, vikasha vimelowa, na baadhi ya sabuni zimetoka madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha. Zikarudi zote na gari ya shamba. Yule mama hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mchezo ukizunguka mwezi ujao, nitatoa nini?"

Sikuwa na jibu. Na plastiki na vikasha vyote vile, ambavyo tulikuwa tumevilipia, vikaenda jaani.

KILICHOHARIBIKA NI NINI HASA?

Vijana walipima vizuri, walichanganya vizuri, walikata vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye mpango wa bidhaa, na mpango niliutoa mimi.

Sabuni inayotengenezwa bila kupikwa huwa bado ina maji mengi inapokatwa. Inahitaji kukaa kwenye kichaga chenye hewa wiki 4 mpaka 6, na wakati wa masika ongeza, kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Pia sabuni ya mikono ina gliserini ndani yake, na gliserini huvuta unyevu kutoka hewani. Ukiifunga kwenye plastiki isiyopumua, maji ya ndani hayana pa kutokea, na unyevu ulioingia unabaki pale pale. Ndiyo ile jasho. Mafuta ya ziada yaliyobaki kwenye sabuni yakikaa kwenye hali hiyo huchacha, na hapo ndipo madoa hutokea.

Kwa hiyo ile plastiki iliharibu mara mbili. Iliharibu sabuni, kisha yenyewe ikawa taka. Tungetumia karatasi ya kawaida na subira ya mwezi mmoja zaidi, tungepata sabuni bora, kwa gharama ndogo, na bila mzigo wa taka.

Nataka ulishike hilo. Vijana wengi wanadhani "bidhaa endelevu" ni bidhaa ile ile, halafu unaongeza gharama ili iwe rafiki wa mazingira, kisha unabandika lebo yenye jani la kijani. Si hivyo. Sehemu kubwa ya uharibifu na sehemu kubwa ya hasara huamuliwa siku ile umekaa na karatasi na kalamu, kabla hujanunua hata lita moja ya mafuta. Ukishanunua vikasha 300, umeshaamua. Kinachobaki ni kujuta.

KWA NINI SISI WA KISIWANI TUNA HARAKA ZAIDI

Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, kabla ya Tanzania Bara ambayo ilianza kuipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Sababu unaiona kwa macho. Sisi ni kisiwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, achilia mbali wageni wanaokuja na kuondoka. Kinacholiwa, kinachotumika na kinachofunguliwa Mji Mkongwe hakina pa kwenda mbali. Kinakwenda jaa la Kibele, au kinaingia mtaroni, na mtaro unaingia baharini. Bahari hiyo ndiyo shamba lako wewe mkulima wa mwani.

Na shamba hilo tayari limechoka. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameufanyia utafiti mwani wa pwani zetu kwa miaka. Wakulima wamekadiriwa kuwa zaidi ya 20,000, na karibu wanane katika kila kumi ni wanawake. Mwani mwingi unasafirishwa nje ukiwa mkavu, huko wanautoa karajinani, kile kitu kinachofanya aiskrimu na dawa ya meno viwe vizito.

Tulikuwa na aina mbili: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto wakati wa kaskazi, matawi yanageuka meupe, yanakatika, yanaondoka na maji. Sehemu nyingi za Unguja kotonii imekufa kabisa, watu wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Dkt. Flower Msuya na wenzake wamejaribu na kinamama njia ya kulima kotonii kwenye mirija ya nyavu katika maji ya kina kirefu, ambako kuna ubaridi. Na ni kupitia mradi wa ushirikiano wa wakulima wa mwani ulioanza mwaka 2006 ndipo kinamama wa Kidoti, kaskazini, walipoanza kutengeneza sabuni ya mwani. Baadaye Paje nako wakafungua kituo chao cha bidhaa za mwani.

Kwa hiyo sabuni ya mwani si mtindo wa watalii. Ni jibu la watu ambao zao lao limeshuka bei na bahari yao imepata joto. Jibu hilo likiwa ndani ya plastiki inayorudi baharini, tutakuwa tunajikata mguu wenyewe.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTOA FEDHA

Baada ya ile hasara nilikaa na wale vijana chini ya mkungu, tukaandika maswali matano. Sasa kila kikundi kinachokuja kwangu nakipa haya haya, iwe ni sabuni, achari ya pilipili, unga wa muhogo au mafuta ya mchaichai.

1. Malighafi inatoka wapi, na ikitoka inaacha nini?

Kwa mwani, usianzie kwenye unga. Anzia baharini. Vigingi vyako ni vya mti gani? Kama ni vya mkoko, unakata ukuta unaozuia pwani isiliwe, unakata pia mazalia ya samaki. Tumia mvinje au mti mwingine uliopandwa. Zile tai-tai za plastiki za kufungia mbegu, zikichakaa zinakwenda wapi? Wale vijana sasa wana sheria: unaingia na kikapu, tai-tai kuukuu zinarudi nchi kavu, kila bamvua. Mwani usianikwe mchangani, anika kwenye chanja. Ukianika mchangani utasaga mchanga pamoja na mwani, na mteja atajikwaruza ngozi halafu atakulaumu. Kwa sabuni, uoshe kwanza kwa maji baridi ya kisima kutoa chumvi, ukauke tena, ndipo usage.

Mafuta je? Mafuta ya nazi tunayo hapa hapa. Kuagiza mafuta ya mbali ilhali nazi inaanguka nyuma ya nyumba ni kulipia safari isiyo na maana.

2. Kipimo changu kinapoteza nini?

Upotevu mwingine ni wa hesabu mbaya tu. Chukua kilo 1 ya mafuta ya nazi. Ili yageuke sabuni yote yanahitaji gramu 183 hivi za kostiki soda safi. Lakini sabuni ya nazi tupu inakausha ngozi, kwa hiyo kwa sabuni ya kuogea tunapunguza soda tuache mafuta kidogo. Sisi tunatumia gramu 150 za soda, gramu 350 za maji, na gramu 25 za unga wa mwani. Jumla ni gramu 1,525.

Sasa angalia. Ukikata vipande vya gramu 100 unapata 15, unafurahi, unaandika "gramu 100" kwenye lebo. Baada ya wiki sita maji yametoka, kipande kimebaki gramu 85 au 90. Umemdanganya mteja bila kukusudia, na mkaguzi akija na mizani huna la kusema. Kata vipande vya gramu 115, utapata 13, na vikikauka vitakuwa karibu na ulichoandika. Pima tena vikishakauka ndipo uandike. Bei panga kwa vipande 13, si 15. Vijana wengi biashara yao inakufa kwenye vile vipande viwili ambavyo havikuwepo.

Na hapa nisisitize usalama, hata kama umeshasikia. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, pole pole. Usimimine maji juu ya soda, itaruka. Usitumie sufuria ya alumini, soda inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Vaa glavu na miwani, fanya kazi penye hewa, watoto wakae mbali. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu. Pima kwa mizani ya dijitali. Kikombe na kijiko si vipimo vya soda.

3. Mabaki ni taka au ni bidhaa ya pili?

Pemba tuna mfano mkubwa. Karafuu ikichambuliwa hubaki makonyo, vile vijiti. Mtu wa nje angeona takataka. Lakini makonyo na majani ya mkarafuu yanakamuliwa mafuta, na kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa kule Pemba kimekuwa kikifanya kazi hiyo. Yule aliyepanga hivyo alijiuliza swali hili la tatu.

Sasa wewe orodhesha mabaki yako. Nazi moja inakupa makumbi, kifuu, chicha na maji. Chicha kavu iliyosagwa laini unaweza kuitia kwenye sabuni ya kusugulia miguu, na inayobaki wape kuku. Kifuu kikikatwa na kulainishwa ni kisahani cha sabuni, tena kisahani kinachoifanya sabuni ikauke kati ya koga moja na nyingine, ikadumu. Makumbi yanakwenda kwa kinamama wanaofukia usumba pwani na kusokota kamba. Na vile vipande vya pembeni vinavyobaki ukikata sabuni, usitupe: kwaruza, changanya na sabuni mpya, au uza kwa mfuko kwa majirani kwa kufulia. Nyumba za kijijani haziangalii umbo, zinaangalia povu.

4. Kifungashio kinafanya kazi gani?

Usiulize kwanza "kizuri ni kipi". Uliza "kazi yake ni ipi". Kazi za kifungashio cha sabuni ni tatu: kuizuia isichafuke, kuiacha ipumue, na kubeba maandishi. Mkanda wa karatasi ya khaki unafanya zote tatu. Plastiki ilikuwa inafanya moja na kuua ya pili.

Wazee wetu walilijua hili bila kwenda diploma. Pakacha linasukwa kwa kuti la mnazi, linabeba maembe au viazi, linapitisha hewa, na likichakaa linaoza shambani likawa mbolea. Hakuna aliyewahi kusikia pakacha limekutwa ndani ya tumbo la kasa.

Lakini nikwambieni ukweli, cha asili si lazima kiwe rahisi wala si lazima kiwe salama. Tulijaribu vikoba vidogo vya ukili. Vinapendeza mno. Ila kwa kimoja kimoja vilitugharimu zaidi kuliko plastiki, na vile vya kwanza tuliviweka stoo yenye unyevu vikaota ukungu, tukavichoma moto. Tukajifunza: ukili ukaushwe juani kwanza, uhifadhiwe juu, mbali na ukuta. Na tukagawa soko. Sabuni ya mkanda wa khaki ni ya mtu wa hapa na ya duka la kawaida. Ya kikoba cha ukili ni ya mgeni anayetafuta zawadi, na bei yake inabeba kikoba. Faida nyingine: plastiki ililazimu kununua bunda zima na kulipa mbele, wakati kinamama wa ukili wanasuka hapo kijijini, unachukua ishirini, ukiuza unarudi kuchukua ishirini nyingine. Fedha yako hailali stoo.

5. Ikiisha, inakuwa nini?

Sabuni inaisha yenyewe, alhamdulillahi. Kinachobaki ni vilivyoizunguka. Na kuna mteja ambaye kwake hakuna haja ya kuizungusha kitu chochote: hoteli.

Hoteli zinataka sabuni ndogo kwa kila mgeni. Mgeni anakaa siku mbili, anatumia robo, anaondoka, robo tatu inatupwa pamoja na kikasha chake. Vijana wakaenda kwenye hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe na pendekezo rahisi: vipande vidogo, vya ukubwa wa kuisha au mgeni kuondoka nacho, bila kifungashio chochote, vinaletwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ndoo ikiwa tupu inarudi, iliyojaa inakuja. Hoteli inaweka amana ya ndoo, ndoo ikirudi amana inahamia kwenye inayofuata. Maelezo ya sabuni yameandikwa mara moja tu, kwenye kibao cha mbao chumbani.

Meneja aliuliza swali moja: "Bei inapungua?" Ikapungua, kwa sababu hatulipi kikasha. Akakubali. Hakuzungumzia mazingira hata kidogo, na hakuna ubaya. Ukipanga bidhaa vizuri, si lazima mnunuzi awe na huruma na kasa. Inatosha awe anajua kuhesabu.

KILICHOTOKEA BAADA YA HAPO

Zile sabuni 300 hatukuzitupa zote. Tulizifungua, zilizokuwa na madoa tukazikwangua na kuziuza kijijini kwa kufulia kwa bei ya kutupa, na tulimwambia kila mnunuzi kwa nini ni rahisi. Zilizokuwa nzima tukazirudisha kwenye vichaga zikamalizia kukauka, tukazifunga mkanda wa khaki. Hazikurudisha fedha yote. Mama yule alilipwa kwa vipande vipande, na zamu ile ya mchezo nilichangia mimi, kwa sababu ushauri ulikuwa wangu. Nasema hili si kujisifu. Nasema ili ujue kwamba bwana shamba au bibi shamba naye hukosea, na ukipewa ushauri, muulize anayekushauri: "Umeshajaribu wewe mwenyewe, hapa, wakati wa masika?"

Awamu ya pili walitengeneza sabuni 60 tu. Wakaziacha wiki sita. Nne walizipeleka sehemu tofauti: moja bafuni, moja juu ya kabati la jikoni, moja dukani kwa jirani, moja ndani ya begi kama vile mgeni anasafiri. Baada ya mwezi wakazikusanya, wakazinusa, wakazipima. Hilo ndilo jaribio, halihitaji maabara. Ndipo wakaendelea. Leo bado wanalima mwani na bado wanauza mwingine mkavu kwa kilo, sitawadanganya kwamba wametajirika. Lakini sehemu ya mavuno yao inatoka kijijini ikiwa na bei waliyoipanga wao, na yule mwenye duka wa Shangani ndiye aliyewapigia simu kuomba waanze tena.

NENO KUHUSU LEBO

Nimeona lebo nyingi siku hizi: "asilia 100%", "inatibu chunusi na pumu", "rafiki wa mazingira". Tulia. Sabuni iliyotengenezwa kwa soda huwezi kuiita haina kemikali yoyote, ingawa soda ikipimwa sawa huwa imeisha kwenye sabuni. Ukisema inatibu, umeifanya dawa, na dawa ina sheria zake. Kabla hujaingia madukani nenda Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) na Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), waulize bidhaa yako inahitaji nini. Nenda mapema, ukiwa bado una karatasi na kalamu, si siku lebo elfu moja zimeshachapwa.

Na badala ya "rafiki wa mazingira", andika unachofanya: "Mafuta ya nazi ya Unguja. Mwani wa vigingi vya mvinje. Karatasi hii inaoza." Mteja ataelewa, na akikuuliza utakuwa na cha kumwonyesha.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua bidhaa moja unayouza sasa au unayotaka kuanza. Chukua karatasi, andika yale maswali matano, jibu kila moja kwa sentensi mbili. Swali utakalokwama ndilo lenye hasara yako. Halafu ifungue bidhaa yako kama mteja anavyoifungua, weka juu ya meza kila kitu ambacho hakiliwi, hakioshi wala hakitumiki. Kiangalie kile kichungu. Kila kilichomo umekilipia wewe kwanza, kisha kitalipiwa na bahari.

Ukikwama, niulize. Na ukija kwangu na sampuli, tafadhali isiwe ndani ya plastiki ya kung'aa, maana nikiiona bado namkumbuka yule mama.

Bi Shamba wenu.